Bi Upya na Programu Inayojengeka Bila Yeye

Mpendwa wetu, ambaye majirani, wafanyakazi wenzake na hata watoto wake wa kuwazaa walimwita Bi Upya, alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, mtoto wa pili wa karani wa posta na mama muuguzi. Walikaa vyumba viwili nyuma ya posta, na kitu cha kwanza kupata taabu mikononi mwake kilikuwa redio ya baba. Aliifungua akiwa hata kusoma hajakujua vizuri. Baba aliporudi kazini alikuta vipande vyote vimepangwa sakafuni, vikubwa huku, vidogo kule.

"Umeiharibu?" baba akauliza.

"Sijaiharibu. Nataka niiunge upya, nione kama nimeielewa."

Redio iliimba tena, ila kuanzia siku ile ilishika stesheni moja tu. Mdogo wake wa kiume, anayewasomea wasifu huu, anaikumbuka stesheni hiyo kwa uchungu.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa mtaa wa pili kutoka nyumbani, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, akamaliza mwaka 1992. Chuo cha ufundi alikwenda kusomea kompyuta, enzi ambazo chuo kizima kilikuwa na kompyuta chache zilizofunikwa vitambaa kama vyombo vya wageni. Alihitimu mwaka 1997. Mwalimu wake mmoja aliandika kwenye ripoti kwamba binti huyu ni mbishi sana, lakini kila akibisha ana sababu. Wazazi walisoma nusu ya kwanza ya sentensi wakakasirika, walipofika nusu ya pili wakanunua soda.

Mwaka 1998 aliajiriwa katika ofisi ndogo iliyokuwa juu ya duka la rangi, na huko ndiko alikofanya kazi hadi mwisho. Ofisi ile ilitengeneza programu inayotumika zahanati: unaingiza uzito wa mtoto na jina la dawa, yenyewe inakupa dozi na kuchapisha lebo. Tulipomuuliza yeye anafanya nini hasa pale, alitueleza hivi. Hakuna mtu anayeandika programu nzima peke yake. Kuna vipande vilivyokwisha kuandikwa na watu wengine, watu msiojuana, na vinaitwa maktaba. Hiki cha kuchapisha, hiki cha kuhesabu tarehe, hiki cha kufunga siri za mgonjwa. Unaviunganisha na vya kwako, ndipo programu inajengwa. Sasa shida ni kwamba zahanati hii ina kompyuta ya zamani, ile ina mpya, muuguzi wa kule anatumia simu, na kila chombo kina tabia zake. Ukibadilisha maktaba moja, nyingine inanuna. Kazi yake ilikuwa kuchagua maktaba, kushikilia toleo linaloaminika, kutunza nakala zake ofisini asije akategemea mtu wa mbali, na kuandika mipangilio, yaani orodha ya kila kipande kinachohitajika, ili programu ijengeke vilevile kwa kila chombo. Ni kazi ambayo ikienda vizuri hakuna anayejua kama ipo.

Alikuwa na sharti moja, na ndilo lililompa jina. Hakuna toleo la programu lililohesabiwa kuwa limekamilika mpaka lijengwe upya kwenye kompyuta tupu, isiyowekwa kitu chochote kabla. Mfanyakazi mwenzake, yule tunayemwita Mrefu, ambaye leo yuko hapa na haonekani vizuri kwa sababu amekaa, alipinga sana mwanzoni.

"Dada, kwangu mbona inafanya kazi!"

"Vizuri. Basi tukupakie wewe na kompyuta yako, tukupeleke zahanati zote."

Mwaka 2001 aliolewa na fundi cherehani, na hata hilo lilikuja kwa njia yake ileile. Alipeleka gauni ambalo pindo lake lilikuwa limepinda kidogo. Fundi akasema atalinyoosha, ni suala la dakika. Yeye akamwambia afumue lote, aanze upya. Fundi alifumua huku akinung'unika, akagundua bega moja nalo lilikuwa limekosewa, akalishona lote upya. Gauni lile alilivaa siku waliyotoka pamoja kwa mara ya kwanza. Walijaliwa binti na mtoto wa kiume, wote wakali kwa mama yao kwa kuwa walijifunza kubishana naye tangu utotoni.

Mapema mwaka huu wa 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Hatutasema aliipokea kwa utulivu. Alilia, akakasirika, akamhoji daktari mpaka daktari akaomba maji. Kisha akauliza amebakiwa na muda wa kutosha kufanya nini, na akachagua jambo moja: programu ile isife naye. Wenzake walizoea kumpigia simu kila ujenzi ulipokwama, naye alikuwa akijibu kabla hawajamaliza kueleza. Alisema hilo ndilo kosa, na ni lake.

Kosa lenyewe lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. Akiwa likizo ya ugonjwa, amelazwa hospitali, ile kompyuta iliyotumika kujengea iliungua, na mpya haikukubali kitu. Ujenzi ulikataa kabisa. Mrefu akapiga simu, na Bi Upya akamjibu kwamba haiwezekani. Baadaye akakumbuka, akashika kichwa. Miaka yote hiyo, kila walipotaka kompyuta tupu, walifuta ile ya zamani na kuirudishia nakala ya mfumo aliyoiandaa yeye mwenyewe. Ndani ya nakala hiyo aliwahi kuweka kwa mkono maktaba ya kuchapisha lebo, akijaribu jambo, akaisahau. Haikuandikwa popote kwenye mipangilio. Yeye aliyewasumbua watu wote kwa kompyuta tupu, yake haikuwahi kuwa tupu. Alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini.

Mrefu hakucheka. Zahanati zilizopokea kompyuta mpya zilikuwa zikisubiri toleo jipya, na wafamasia walikuwa wakikokotoa dozi za watoto kwa kalamu.

"Dada, niambie tu ni toleo lipi la hiyo maktaba, nimalize."

"Nikikuambia leo, siku nyingine utamuuliza nani?"

"Watoto wanasubiri!"

"Najua. Ndiyo maana kaitafuteni wenyewe, na mkiipata muiandike kwenye mipangilio, isikae kichwani mwa mtu. Na ile nakala yangu ifuteni."

Mrefu alikata simu kwa hasira, na hilo ameruhusu lisemwe. Waliipata. Lakini Bi Upya hakuridhika. Akaagiza kompyuta mpya kabisa iletwe hospitali, akamkabidhi mumewe, mtu ambaye kuandika ujumbe wa simu kwake ni kazi ya asubuhi nzima, akamwambia afuate maelekezo ya wenzake, ajenge programu. Yeye alilala pale kitandani, mkono mdomoni asije akamsaidia. Fundi alifika mahali palipoandikwa, "Weka mipangilio ya kawaida."

"Kawaida ya nani?" akauliza.

Mkewe alifurahi mno. Ofisini walirekebisha, wakatuma tena, fundi akarudia tangu mwanzo. Alikwama na kurudia, akatukana kwa heshima, akarudia. Mwezi wa Septemba programu ilijengeka yote, ya kompyuta za zamani, za mpya na za simu. Bi Upya alimshika mumewe mkono na kumwambia, "Sasa naweza kulala." Alifariki asubuhi ya Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024, familia yake ikiwa kando yake.

Ijumaa yake, mwandishi wa mojawapo ya zile maktaba, huko aliko, aliibadilisha kuondoa kasoro ya hatari, ofisini wakalazimika kuchukua toleo lake jipya badala ya nakala yao, na kazi ikasimama. Sisi hatukujua. Fundi alikuwa na simu ya mkewe mfukoni, ameichaji, maana aliogopa watauliza naye hana la kuwajibu. Zilikuja rambirambi nyingi. Swali halikuja. Jana jioni Mrefu alifika msibani akamwambia toleo jipya limeshafika zahanati zote, limejengwa kwenye kompyuta tupu. Fundi akauliza ni nani aliyewasaidia. "Hakuna, shemeji." Hapo ndipo mgane huyu alipolia kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, na sisi sote tukalia naye.

Ameacha mume, binti, mtoto wa kiume, mama yake mzazi, kaka mkubwa na mdogo wake, mashemeji, na wafanyakazi wenzake wa pale juu ya duka la rangi.

Mungu akupe pumziko jema, dada. Hatukuamshi.