Aliyelala Mwisho wa Uwanja

Kwa jina la Mola, asiyesahau jina la mja wake. Mwaka 1957, katika kivuko cha kuingia Kisangani, Mwalimu Sefu, mfundishaji wa Kurani, aliketi kati ya watu wawili. Kulia kwake alikuwa Mama Clothilde, wa jamii ya wavuvi wa maporomoko ya mto, aliyevaa nguo ya matanga. Kushoto alikuwa François, karani wa uwanja wa ndege, mwenye tai shingoni na karatasi yenye muhuri.

Siku mbili kabla, ndege ya abiria ilitua mvua ikinyesha, ikashindwa kusimama, ikapita mwisho wa uwanja na kuingia majanini.

«Bon, mama, batu yote ya avion iko bazima,» alisema François. «Hapana mutu alikufa. Iko imeandikwa hapa.»

«Alors, ndugu yangu Lambert, mwenye kukata majani ya uwanja, yeye iko nini? Majani?»

Karani aliinyoosha tai yake, ingawa ilikuwa imenyooka tayari. «Angalikimbia, mama.»

«Angalikimbia! Ni ninyi mulimuambia alale chini kila avion ikishuka, pilote asishituke. Alilala! Alitii! Andika jina yake, papa wa tai!»

«Mimi naandika ile naambiwa.»

Mwalimu Sefu, aliyekuwa amenuia kunyamaza hadi ng'ambo, alichomoa kalamu yake ya wino, akaiweka juu ya karatasi. François aliitazama, asiiguse.

Kivuko kikagota ukingoni, kalamu ingali palepale. Mola awape waliobaki subira, na awape mikono isiyoogopa kuandika.