Nisindikizeni Kama Mteja Anayehama

Mheshimiwa Meya wa mji wetu, Ndugu Mwenyekiti wa chama cha wafanyabiashara, ndugu wateja wetu, ambao bila ninyi chumba kile cha mashine kingekuwa banda la kuku lenye kiyoyozi, wafanyakazi wenzangu, wanangu na wakwe zangu, mabibi na mabwana.

Mniwie radhi kwa kuwahutubia nikiwa nimekaa. Miguu yangu imestaafu kabla yangu. Daktari wangu, ambaye namwona mstari wa pili akijifanya kusoma ratiba, ameniambia ukweli bila kuuzungusha, nami namshukuru, maana mtu akishaambiwa kwamba muda wake ni mfupi huacha porojo.

Mmealikwa kuniaga. Lakini najua kila mmoja amekuja na swali moja mfukoni: kampuni inauzwa, au haiuzwi? Ni kweli, kampuni kubwa imeleta bei nzuri, na karatasi zinangoja sahihi yangu. Nimewaona wafanyakazi wakinyamaza kila nipitapo kwenye korido. Nitawajibu leo hii, ila kwanza nina jambo la kuungama, na nisipoliungama hapa sijui nitaliungamia wapi.

Kwa wale waliofuata chakula tu, niseme kazi yetu. Shule ina matokeo ya kutangaza, duka lina bei za saruji, zahanati ina saa za madaktari. Tovuti zao lazima zikae mahali, ndani ya mashine isiyolala, yaani seva. Sisi ni wenye nyumba, wao ni wapangaji.

Nyumba hii niliijenga mimi, lakini aliyeifanya ikalike ni mke wa kitinda mimba wangu. Alikuja kwetu akitokea mapokezi ya hoteli, akasomea kazi ya seva huku akiifanya, na hadi leo vijana wa ofisini humwita Mapokezi.

Siku moja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye yuko hapa na asijifiche, alipiga simu kusema anahamia kwa jirani anayetoza nusu ya bei yetu na kumpa nafasi isiyo na mwisho kwenye seva. Mimi nikasema, “Mwache ahangaike. Atarudi kwa magoti.”

Mapokezi akaniuliza, “Baba, mgeni akiaga nyumbani kwako, huwa unamfichia viatu?”

“Huyu si mgeni. Huyu ni msaliti.”

“Basi tumsindikize msaliti.”

Akamfungashia kila kitu, picha, barua pepe, maneno ya siri, akakaa na simu sikioni mpaka tovuti ikafunguka kule ilikohamia. Fundi wa kule akamuuliza, “Dada, samahani, wewe umeajiriwa kwao au kwetu?” Haukupita muda, mwenye duka akarudi. Ile nafasi isiyo na mwisho ilikuwa na mwisho, na simu za kule zilipokewa na muziki. Alirudi pamoja na shemeji yake mwenye zahanati, na shemeji akamleta jirani yake. Je, kuna tangazo lolote nililolipia lililotukuza kiasi hicho? Halipo.

Vijana mnaotaka kuingia kwenye kazi hii huniuliza siri yake. Nitawaambia niliyojifunza kwa kumtazama yeye. Usiahidi usichoweza kupima. Tovuti ya mteja ikianguka, mpigie kabla hajakupigia: ukisema wewe ni taarifa, akisema yeye ni aibu. Usimpe somo la mashine. Mwambie itarudi lini. Nakala ya akiba ya tovuti usiiweke ndani ya seva ileile, kwani huko ni kufungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba. Na ukishaiweka kwingine, ijaribu. Irudishe, uone kama inafunguka. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa siyo nakala, ni dua.

Hapo ndipo ungamo langu linapoanzia.

Kifungua mimba wangu, mhasibu wetu, alinijia nikiwa nimelazwa. Akaniambia, “Baba, wateja wanakufuata wewe, hawafuati mashine. Ukiondoka, nao wataondoka. Tuuze jina lingali na thamani.” Hakusema kwa tamaa. Alisema kwa hofu, na hofu yake niliielewa, kwa kuwa nami nilikuwa nayo. Sote tulijaribu nakala za wateja, lakini nani aliwahi kujaribu kampuni yenyewe, aone kama inafunguka bila mimi?

Basi, nilipotoka hospitali, niliwatangazia kwamba hali yangu hairuhusu hata kupigiwa simu, nikaenda kupumzika kwa dada yangu. Ndugu zangu, haikuwa kweli. Nilikuwa nakula vizuri, na simu ilikuwa chini ya mto, imewashwa, nikingoja mteja wa kwanza atakayelia, “Mzee, njoo, tumekwama.”

Simu haikulia. Iliniuma, nisiwafiche. Dada yangu alinikuta naitikisa, nikidhani imeharibika.

Asubuhi moja akaingia na simu yake mwenyewe. “Mkamwana wako huyu.”

“Mwambie nimelala.”

Dada akaiweka sikioni. “Anasema amelala.” Akasikiliza, kisha akanigeukia. “Naye anasema, ukiamka ufungue barua pepe yako. Jina la kampuni limekwisha muda, na taarifa zote zilikuwa zinakuja kwako.”

Jina la tovuti hulipiwa kila mwaka, kama pango. Sisi huwakumbusha wateja wote. La kwetu nilikuwa nimeliandikisha kwa jina langu mimi, na vikumbusho vilikuja kwenye barua pepe ambayo sikuifungua, kwa vile nilikuwa na shughuli ya kuwajaribu wenzangu. Kinyozi hajinyoi. Tovuti yetu ikatoweka, na barua pepe za ofisi zikaifuata.

Tovuti za wateja hazikutikisika, kwa sababu Mapokezi alikuwa amesisitiza kila jina liandikishwe kwa mteja mwenyewe. Nilipokuwa bado natafuta miwani, yeye na vijana wake walikuwa wanawapigia wateja simu mmoja mmoja. Mwalimu mkuu aliyeketi pale anakumbuka.

“Kumbe hata nyinyi mnaanguka?”

“Tunaanguka, mwalimu. Ila tunawahi kusema.”

Hakuhama hata mteja mmoja. Kila kilichokuwa mikononi mwake kilisimama. Kilichoanguka ni kile nilichokishika mimi.

Mwanangu mhasibu, uliogopa kwa haki, ila uliogopea mahali pasipo tatizo. Sitatia sahihi. Kampuni haiuzwi. Kuanzia leo mkurugenzi ni mke wa mdogo wako. Na ujue kwamba nilipomwomba akubali, alitoa sharti moja tu: “Shemeji abaki kwenye hesabu. Bila yeye nitawahurumia wateja mpaka nigawe kampuni bure.”

Jina sasa limeandikishwa kwa kampuni. Maneno ya siri amebadilisha yote. Jana, kwa mazoea ya kazi, nilijaribu kuingia kwenye seva kwa neno langu la zamani. Nikakataliwa. Nikajaribu tena, nikakataliwa tena. Katika maisha yangu yote sijawahi kufurahia kukataliwa namna ile.

Mheshimiwa Meya, ndugu zangu, mie sasa ndiye mteja anayehama. Naomba mnifanyie kama mlivyomfanyia yule mwenye duka. Msinifichie viatu. Nifungashieni changu chote, vicheko vyenu pamoja na mikono niliyoishika leo. Na wewe, Mapokezi, mwanangu, usikate simu mpaka nimefika.

Nawashukuru kwa kuja, kwa kunivumilia, na kwa masikio yenu. Asanteni sana kwa kumsikiliza mzee wenu.