Jani la Mpapai Nililolila Simbo

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Dismasi Mwenyekiti wa Kijiji cha Simbo, masheikh na mapadri, ndugu wageni waalikwa kutoka Ujiji na Bangwe, na ninyi wakulima mliokosa viti mkaamua kusimama: habari za mchana.

Nimesikia nikisifiwa kwamba kwa miaka thelathini bwana shamba Luqman hakukosea hata mara moja. Aliyecheka pale nyuma ni mke wangu, Asia. Basi kabla sijaondoka kazini, niruhusuni niseme kweli.

Mnaukumbuka mwaka wa tisini na sita, wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakivuka kila siku, na majani ya maboga yetu yakageuka meupe kana kwamba yamenyunyiziwa unga? Ugonjwa ule unaitwa ubwiri unga, nao husafiri na upepo. Lakini ni nani hapa aliyeulaumu upepo? Ilisemwa umeletwa na mbegu za mama Skolastika, mkimbizi aliyekuwa akilima kipande cha kuazima. Mkutano ukaitwa. Mama akasimama, akasema kwa upole, "Bwana shamba, kwetu niliuona ukitoka kwenye maboga ukashika mipapai. Kung'oa maboga yangu hakutasaidia."

Nami, mwenye cheti na buti za serikali, nikajibu nini? "Mama, ugonjwa wa maboga ni wa maboga. Ukishika mpapai, nitakula jani lake mbele ya mkutano huu!"

Mkapiga makofi. Msiangalie chini, mlipiga! Siku hiyohiyo maboga yake yote yakang'olewa, mimi nikisimamia. Aliokota yale machanga, akayafunga kwenye kanga, akaenda zake. Njia nzima ya kurudi Ujiji nilijiambia kwamba nimetimiza wajibu wangu.

Wiki tatu baadaye tulikutana tena. Mama Skolastika akaja mbele ameshika jani la mpapai, jeupe utadhani limepakwa unga wa muhogo.

"Umelitoa wapi?" nikamuuliza kwa ukali.

"Nyuma ya jiko lako, Ujiji. Nilikwenda kukuomba mbegu, mkeo akanionyesha mti. Mbegu zangu hazijawahi kufika kule, bwana shamba. Mkeo amesema likiwa chungu, chumvi iko nyumbani."

Ndugu zangu, mlicheka mpaka Mwenyekiti akasahau ajenda. Nililitafuna lote na kikonyo chake, na hakuna aliyenipa hata maji. Midomo ikiwa bado ya kijani, nikamwomba msamaha, nikatamka mbele yenu kwamba mbegu zake hazina kosa. Ndipo mkamlimia upya kile kipande, Mwenyekiti Dismasi akiwa wa kwanza kushika jembe. Naye hakutununia. Alitufundisha kuyawahi majani yanayoanza kuota unga, kuyachuma na kuyachoma, na kupanda kwa nafasi. Msimu uliofuata tulivuna maboga.

Leo mama Skolastika amekaa mstari wa mbele. Kesho kutwa atakuja mtaalamu mwingine, mwenye cheti kikubwa kuliko changu. Lenzi hii ya kukagulia majani niliinunua mwenyewe, si mali ya serikali, kwa hiyo naweza kumpa nimtakaye. Mtaalamu huyo akianza kuapa mikutanoni, kuna mtu wa kumwambia aangalie kwanza.

Nawashukuruni nyote kwa masikio yenu na kwa uvumilivu wa miaka thelathini. Mama Skolastika, njoo uichukue.