Mama Bosi, Fundi wa Sare za Shule

Ndugu waombolezaji, nimepewa karatasi hii kwa kuwa mimi ndiye mdogo wake wa kumfuata, nami nitaisoma yote, hata pale wakubwa wangu walipopiga mstari wa kufuta.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1966, nyumbani kwa wazazi wetu, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, akajifunza ushonaji kwa shangazi, na mwaka 1985 akafungua chumba chake cha kushonea sare za shule, ambako aliwaambia wateja kesho akimaanisha wiki ijayo, na bado mkamrudia.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1988 na shemeji yetu fundi umeme, aliyetangulia mwaka 2016, wakajaliwa watoto wawili, kifungua mimba tunayemwita Bosi, aliyezaliwa mwaka 1990 akiwa na ulemavu wa akili, na binti yao mwalimu, anayefundisha mbali. Kwa wakwe zake mtoto kama Bosi hupendwa kwa kusitiriwa, anaogeshwa, anapakuliwa wa kwanza, ila nje hatoki, watu wasije wakamcheka. Kwetu anapewa kazi, na Bosi alipanga vifungo kwa rangi bila kukosea, ingawa alinuna kutwa nzima. Tulivutana miaka thelathini na tano, jamani, kila upande ukidai mwenzake anamtesa mtoto, na dada, ili kuturidhisha sote, wiki moja alikwenda naye kazini, wiki ya pili alimfungia ndani kwa kufuli.

Jumatatu tarehe 3 Machi 2025, wiki ya kufuli, dada alianguka kazini, akalazwa, madaktari wakasema ni moyo. Kila aliyeingia wodini, dada alimuuliza kama Bosi amekula. Wakwe zake walijibu ndiyo, wakidhani yuko kwetu, nami nilijibu ndiyo, nikidhani yuko kwao, wala hakuna aliyempigia mwenzake simu, kwa sababu tulikuwa tumenuniana. Alifariki Jumatano tarehe 5, saa nne asubuhi, na mchana wake jirani fundi viatu, aliyekuja kutoa pole, akasikia mlango ukigongwa kwa ndani, akavunja kufuli.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, mafundi wenzake na majirani, hasa huyo wa viatu, maana sisi ndugu wa damu tulishindwa, na ninaona aibu. Jioni hii familia zote mbili zinakaa kuamua Bosi aishi wapi, naye atakuwepo kikaoni, asiyetaka atoke yeye.

Dada, nilikuambia amekula, kumbe alikaa siku tatu hajatia kitu mdomoni. Nisamehe, upumzike kwa amani.