Hereni ya Namba Saba

Nyamazeni wote, hata wewe Nchagwa unayehesabu pumzi zangu ukidhani sikuoni, na usiniite "tata, tata" kwa sauti ya mwana anayembembeleza baba yake. Miaka hamsini na sita nimeishi hapa Nyambureti, simba nimemfukuza kwa kandambili, leo figo ndizo zinanimaliza.

Winfrida, dada yenu mnayemcheka kuwa amesomea kupe, alitengeneza chanjo ya ndigana, homa ya kupe inayotumalizia ng'ombe, isiyo na mdudu ndani. Ni kijipete cha vinasaba, maandishi matupu; kikiingizwa kwa sindano, mwili wa ng'ombe unayasoma na kujichongea sura ya adui, umjue kabla hajafika. Pete ya kwanza ilikuwa dhaifu. Nani alimwambia sababu? Mimi, wa darasa la nne! Nikasema, mwanangu, umeandika kwa lugha ya mdudu, ng'ombe anasoma kwa kusuasua. Andika kwa lugha ya ng'ombe, mbele weka amri kali ya kuanza kusoma, na mizigo isiyo na kazi itoe. Yeye anadai alikuwa ameshafikiria. Mwacheni adai.

Pete ya pili tukawachoma ng'ombe wangu watano, tukawarudisha kwenye kupe. Wanne wakasimama, yule mwenye hereni ya namba saba sikioni akafa, na wakubwa wa Winfrida kazini wakasema pete haifai. Ijumaa wanafunga kazi yake.

Uongo! Yule hakuwa namba saba. Nchagwa, ulipopungukiwa mahari ya mkeo Jesca ulimswaga namba saba hadi kwao Kerende, hereni yake ya njano ukaichomoa, ukamvalisha mwingine wa rangi ileile ambaye sindano hakuwahi kuionja. Mimi ng'ombe wangu namjua hata kwa kikohozi. Nikanyamaza, maana nilikuwa nimeshajitapa kwa wakwe kuwa mahari imetimia. Mwaka mzima Winfrida amelia kwa ajili yetu wawili, mwizi na mwoga.

Sasa ng'ombe mgawane sawa, Winfrida naye apate, na atakayebisha asinizike. Nchagwa, peleka majike mawili Kerende, mrudishe namba saba akiwa hai, dada yako amtoe damu mbele ya wakubwa wake, waone kama inamjua adui.

Wengine sogeeni niwatemee mate ya baraka... hivyo... mzae, mfuge kwa amani. Ya kwako, Nchagwa, nimeyabakiza... mpaka nimsikie akikohoa hapo uani.

Kinywa kinakauka... Nchagwa, bado umekaa?