Faili Lililofika Nusu

Risala ya wafanyakazi wa Karakana ya Vipuri Lukwangule, Morogoro, kwa mgeni rasmi, siku ya kukabidhiwa hati ya Karakana Bora, Juni 2004

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu, viongozi wa chama cha wafanyakazi, wazazi na majirani mliofika,

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Na ambao hamjaitikia hiyo wala hii, habari za asubuhi.

KARIBU

Mgeni rasmi, karibu Lukwangule. Ungekuwa umekuja mwezi uliopita ungetukuta tunacheka. Leo umetukuta tumenyoa ndevu na kupiga pasi, lakini nyuso zetu hazina raha, na sababu utaisikia.

Jumatatu tulimpelekea Mkurugenzi risala nyingine. Ile ilikuwa nzuri kweli, ilikuwa na "tunajivunia" sita. Akaipitisha. Hii hajaiona, na tunamwomba radhi hapa hapa mbele ya wageni. Mkurugenzi, tungekuletea hii, isingesomwa.

Imeandikwa na dada yetu Modesta, mtunza ghala, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka. Inasomwa na Pazi, fundi wa mashine ya kukereza namba tatu. Utasikia Pazi akitajwa humu kama mtu mwingine: Pazi alifanya hivi, Pazi akasema vile. Ni huyu huyu aliyesimama mbele yako na shati la kuazima. Tulimwambia aseme "mimi", akajibu kwamba akisema "mimi" hatafika ukurasa wa pili. Basi tumemwachia hilo. Lakini kusoma, asome yeye. Akikohoa mahali mvumilie, tumemwekea maji.

HISTORIA YA KARAKANA

Karakana hii ilijengwa enzi za mashirika ya umma. Tulikuwa sitini na mmoja. Tulichonga gia za mashamba ya katani, bushi za matrekta na mihimili ya pampu za maji. Saa nne kamili Mama Martina alipita na birika la chai na mandazi ya shirika, na hakuna mashine iliyonguruma mpaka vikombe virudi. Wengine watasema ndiyo maana shirika lilikufa. Labda. Lakini chai ile tuliipenda.

Mwaka 1999 tukabinafsishwa. Wiki ya kwanza vilifutwa vitu viwili: watu arobaini na wanne, na chai. Watu walifutwa kwa barua zilizokuja katika bahasha za kaki, chai kwa tangazo ubaoni. Tukabaki kumi na saba, na tangu siku hiyo kila mmoja wetu akiona bahasha ya kaki anajua zamu yake imefika. Chai tukairudisha kwa mlango wa nyuma. Pazi alileta hita, ile koili unayoitumbukiza kwenye ndoo ya maji ukachomeka kwenye umeme. Soketi nzima ilikuwa moja tu, chini ya ngazi. Hita ilikatazwa kwa maandishi, na sisi tuliitumia kila siku.

MAFANIKIO

Mwaka 2001 zikaja mashine tatu zinazoongozwa na kompyuta, mitumba lakini nzima. Mashine ya namna hiyo haimuulizi fundi ikate wapi. Inasoma maagizo yaliyopangwa mstari kwa mstari kwenye faili: sogea hapa, kata, rudi nyuma. Mafaili yaliandikwa ghorofani, ofisi ya michoro, yakashushwa kwa disketi. Mshushaji alikuwa Pazi, disketi mfuko mmoja wa ovaroli na kopo la ugoro. Nusu ya disketi hizo hazikusomeka, naye akazilaumu nchi zilizozitengeneza.

Ndipo akaajiriwa Chausiku, binti wa Kinole, huko milimani, aliyetoka chuoni na cheti chake. Mgeni rasmi, yule binti alitoboa ukuta kwa nyundo na patasi, sisi wanaume tumekaa tunamtazama. Akashusha waya wa mtandao kutoka kompyuta ya ghorofani mpaka kwenye mashine zote tatu. Chini ya ngazi, kwenye soketi ile ile moja, akafunga kisanduku kidogo chenye vitaa vya kijani, ndicho kinachogawa waya. Faili likawa linashuka kwa kufumba na kufumbua. Disketi zikastaafu, na Pazi akakosa safari zake za ghorofani.

Akaweka na sharti. Kabla ya kutuma alipiga simu ya ndani kutaja idadi ya mistari. Faili likishafika alipiga tena: "Imetimia?" Fundi alitakiwa asome idadi kwenye kioo cha mashine, aone kama ni ile ile, ndipo ajibu. Jambo la nusu dakika.

Pazi lilimchoma. Miaka ishirini na miwili anakereza chuma, mtu anayejua gia imekaa sawa kwa kuipapasa tu, leo msichana wa juzi anamhesabisha mistari kama mtoto wa darasa la pili! Akawa anajibu bila kutazama: "Imetimia, dada." Sisi tukacheka, tukaiga. Karakana nzima ikawa "imetimia, dada", na simu chini. Tuliona ni ujanja. Ulikuwa ujinga mtupu.

CHANGAMOTO

Kwenye risala ile nyingine sehemu hii ilisema tunahitaji feni.

Ilikuwa Alhamisi moja ya masika mwaka jana, ukungu umefunika mlima Lupanga na baridi imeshuka mpaka mjini. Saa nne kasoro Chausiku akapiga simu. "Kaka Pazi, nakutumia faili la mhimili wa pampu. Mistari mia mbili kumi na minane."

"Lete," Pazi akasema, akaenda chini ya ngazi na ndoo yake. Akachomoa kisanduku cha mtandao faili likiwa bado linashuka, akachomeka hita. Hakuwa na nia mbaya. Alifanya kama alivyofanya siku zote: akasubiri maji yachemke, akachomoa hita, akarudisha kisanduku. Vitaa vikawaka kijani kama kawaida, na chai ikanukia.

Simu ikalia. "Kaka, huku naona kama waya ulikatika kidogo. Imetimia?"

"Imetimia, dada."

"Umeangalia lakini?"

"We mtoto, unadhani nimezaliwa jana? Usituchoshe bwana!"

Akakata simu, akaianzisha mashine. Mistari iliyofika ilikuwa mia moja sitini na mitatu, na wa mwisho ulikatika katikati. Ulitakiwa kukiambia kisu kirudi nyuma mpaka kwenye mia moja na ishirini. Sifuri haikufika. Kisu kikasoma kumi na mbili, na badala ya kurudi nyuma kikajitupa kwenye chuma kinachozunguka.

Mlio ule hatutausahau. Kisu kilivunjika, mhimili ukapinda, taya moja ya mashine inayobana chuma ikang'oka ikapasua dirisha. Pazi alikuwa amechutama anaokota kijiko, ndiyo maana yuko hai anatusomea.

Kitu cha kwanza alichofanya aliposimama hakikuwa kuzima mashine nyingine wala kuuliza nani kaumia. Alifuta lile faili nusu kwenye kioo. Sote tulimwona. Akageuka akatutazama, nasi tukatazama pembeni.

Jioni tukakaa ghalani. Hakuna aliyesema "tumsingizie". Afadhali mtu angesema, pengine tungempinga. Kila mmoja alitoa lake dogo. "Pazi ana watoto watano." "Ikitajwa hita tumekwisha wote, kumbukeni bahasha." "Yule msomi, hakosi kazi." "Tena si mwenzetu sana, anakaa juu." Mwisho karatasi ikawa imejaa sahihi kumi na saba: faili lilitoka ghorofani likiwa bovu. Modesta aliyeandika hii ndiye aliyeandika na ile. Tulizoea kusema umoja ni nguvu, na siku ile tukautumia kummaliza mtu mmoja.

Chausiku alipoitwa hakulia. Alisema, "Muulizeni Kaka Pazi, nilimuuliza mara mbili." Mkurugenzi akamgeukia Pazi. Hapo, mgeni rasmi, Pazi alikuwa na neno moja tu la kusema, tena fupi. Akatazama viatu vyake akasema, "Mimi mtu wa chuma, mambo ya kompyuta siyajui."

Binti akaandikiwa barua ya kuachishwa kazi kwa uzembe. Kabla ya kuondoka alishuka kutuaga mmoja mmoja, wazee akawapa shikamoo. Alipofika kwa Pazi akamwambia, "Waya wa mashine yako umelegea kule nyuma, mwambie atakayekuja aukaze." Pazi akaitikia, "Haya." Amekuwa akiisikia "haya" yake hiyo kila anapolala, miezi kumi na tano sasa.

Barua ile ilimfungia milango. Karakana tatu aliomba kazi, tatu zilimkataa zilipoisoma. Akarudi Kinole kulima mananasi ya mama yake, na cheti chake kipo sandukuni.

Kwa hofu, si kwa hekima, tukaanza kuhesabu mistari. Pazi hasa. Hesabu mara mbili, jibu, kata. Tangu hapo hatujaharibu kipande hata kimoja, na ndiyo maana leo tunapewa hati. Barua ya wizara ilibandikwa ubaoni mwezi uliopita. Inasema tunatunukiwa kwa kanuni ya kuhakiki mafaili, "ubunifu wa fundi Pazi". Alipoisoma alikwenda kutapika nyuma ya choo. Aliporudi akasema, "Jamani, hii hapana. Kazi tulimnyang'anya, jina tukalichafua, sasa na akili yake tuivae?"

Jumapili yake wakapanda Kinole, Pazi, Modesta na mwenzetu mmoja. Wakapiga magoti kwa baba yake Chausiku. "Mimi nimezaa, wenyewe wako kule," mzee akasema, akawaonyesha nyumba ya juu. Mtu wa mjini anasahau mambo: kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na kesi yake iko kwa mjomba.

Mjomba, Mzee Maneno, aliitikia shikamoo zao, akawasikiliza mpaka mwisho. "Mlitia sahihi wangapi?"

"Kumi na saba, mjomba."

"Na leo mmekuja wangapi?"

"Watatu."

"Basi rudini."

Jumapili iliyofuata tulipanda wote kumi na saba, na mvua ikatunyea. Chausiku akatoka, mikono ina udongo, akatukaribisha ndani na kutupa chai. Hakuna aliyeweza kuinywa. Akasema, "Habari ya msamaha tuiache kwanza. Mlinisema kwa maandishi, mbele ya mkubwa. Nisafisheni kwa maandishi, mbele ya mkubwa. Na asome yeye, Kaka Pazi. Mimi nitakuja kukaa nyuma."

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunaomba hati hiyo isikabidhiwe leo ikiwa na jina la Pazi. Kama kanuni ile inastahili tuzo, mwenyewe anajulikana.

Mkurugenzi, tunaomba barua ya uzembe ifutwe, na iandikwe nyingine inayosema kweli, yenye muhuri, ambayo mtu anaweza kuitoa popote bila kuinamisha kichwa. Hatukuombi umrudishe kazini. Kurudi au kutorudi ni juu yake, na sisi hatuna uso wa kumwita.

Kuhusu sisi, nakala ya karatasi ya uongo hii hapa, sahihi zote kumi na saba. Ukiamua kutugawia bahasha za kaki, tutazipokea. Pazi barua ya kwake ya kuacha kazi amekwisha kuiandika mwenyewe, iko mfukoni. Anaomba jambo moja tu, wenzake wasiadhibiwe kwa kosa la mkono wake. Hilo hatukukubaliana naye, lakini ameomba liandikwe.

Chai hatuombi. Soketi ya pili tunaiomba, si kwa faida yetu, ila atakayekaa chini ya ngazi ile baada yetu asijaribiwe.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, tusipigiwe makofi. Tunajua ni desturi, risala ikiisha watu hupiga makofi na msomaji huja mbele kumkabidhi mgeni nakala. Leo Pazi hatakuja kwako. Ataelekea safu ya mwisho, karibu na mlango wa ghala, alipokaa dada mwenye kitenge cha manjano na mjomba wake. Karatasi hizi atazikabidhi kwa Chausiku, maana ni zake. Yeye akipenda atakuletea mezani, akipenda atazikunja aende nazo nyumbani, na sisi hatutasema kitu. Tunakuomba umsubiri.

Mungu ambariki mama aliyemzaa binti huyu, aulinde ukoo wake na mashamba yake. Akujalie wewe safari njema. Na sisi atupe ujasiri wa kumtazama usoni.

Ni sisi wafanyakazi kumi na saba wa Karakana ya Vipuri Lukwangule, ambao tulikuwa kumi na wanane.