Gonga, Aliyebisha Hodi Chini ya Bahari

Ndugu, jamaa na marafiki, wasifu huu unasomwa na dada mkubwa wa marehemu, aliyembeba mgongoni akiwa mchanga na ambaye hakuwahi kudhani kwamba ndiye atakayemsindikiza kaburini. Mtamvumilia asipoweka asali katika kila neno, kwa sababu familia hii imefika hapa na msiba mmoja wa kuzika na hofu ya msiba wa pili.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, mtoto wa tatu na kitinda mimba wa fundi wa matangi ya maji na mama mshonaji. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na ua uliojaa matangi ya chuma yaliyoletwa kuzibwa matundu. Baba yao hakuwa na haja ya kupanda ngazi ili achungulie ndani ya tangi. Aliligonga kwa kifundo cha kidole kutoka juu kwenda chini, na sauti ilipobadilika alisema, "Maji yanaishia hapa." Mtoto akaiga. Aligonga matangi, akagonga milango na makabati, na siku moja mbele ya wageni akagonga kichwa cha kaka yake na kutangaza kwamba humo hamna kitu. Alichapwa, lakini jina la Gonga likamganda, na wapo waliokuja leo ambao hawajui kama alikuwa na jina lingine. Kaka mwenyewe yupo hapa, na ametoa ruhusa jambo hili lisemwe.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia 1969, kisha sekondari ya bweni, ambako alipenda fizikia na kuchukia viazi vilivyochemshwa. Mwaka 1982 aliingia chuo kikuu kusomea jiolojia. Mama yao alilia kwa furaha, halafu akauliza kazi yenyewe ni ya kufanya nini. Marehemu akamjibu kwamba ni kusoma mawe. Mama akasema, "Basi mwanangu, kwenye mawe huwezi kukosa kitabu."

Alihitimu mwaka 1986, na mwaka uliofuata akaajiriwa na kampuni ya upimaji wa bahari. Kwa faida ya wale ambao kwa miaka mingi walidhani alikuwa mvuvi, kazi yake ilikuwa hivi. Meli inakwenda polepole kwenye mstari ulionyooka. Nyuma yake inaburuta mitungi inayofyatua hewa iliyoshindiliwa, na kila inapofyatua, mshindo unashuka majini, unaingia kwenye tope, unapita mchanga, unafika kwenye mwamba. Kila tabaka linarudisha sehemu ya ule mshindo. Nyuma zaidi inaburutwa kamba ndefu yenye vinasa sauti, navyo vinapokea majibu yanaporudi. Majibu hayo yakipangwa pamoja yanakuwa picha ya ardhi iliyo chini ya bahari, tabaka juu ya tabaka, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Safari ya kwanza alitapika tangu wanang'oa nanga hadi wanarudi. Alipofika nyumbani, amekonda kama fimbo, alimwambia dada yake, "Dada, ni kazi ile ile ya baba, ila tangi ni kubwa."

Alioa tarehe 15 Desemba 1990. Mke wake alikuwa opareta wa redio bandarini, aliyepokea taarifa za meli, na kabla hajaiona sura ya marehemu alikuwa ameshaichoka sauti yake, kwa sababu aliita mara nyingi kuliko ilivyotakiwa. "Meli yenu haijasogea tangu ulipoita mara ya mwisho," alimwambia siku moja. "Najua," marehemu akajibu, "nilitaka na wewe uhakikishe." Wakajaliwa mabinti wawili na kijana mmoja wa kiume. Wifi ni mwanamke mkweli kuliko wote katika ukoo huu. Kazi yake ilimzoesha kusema kile kilichopo, maana meli ikiambiwa uongo inapanda mwamba.

Haitakuwa haki kuficha kosa la marehemu, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulificha. Mwaka 1994 aliona kwenye picha tabaka zuri, refu, akaandika kwamba ni mwamba unaofaa kuchimbwa. Wakachimba, wakapata tope, na chini ya tope wakapata tope. Lile tabaka halikuwapo. Mshindo ulikuwa umegonga sakafu ya bahari, ukapanda, ukagonga uso wa maji, ukarudi chini na kuigonga sakafu upya, na picha ikaichora mara mbili. Watu wa kazi hiyo wanauita mwangwi wa pili, na wanafunzi huonywa juu yake mapema kabisa. Alisimama mkutanoni akasema, "Nimekosea mimi, msimtafute mwingine." Kuteleza si kuanguka, lakini kuna watu ofisini ambao kwao hakuinuka tena. Walimwita Bwana Mara Mbili, naye akacheka nao. Tangu mwaka ule hakuamini kitu chochote mpaka akitazame kutoka pande mbili.

Sasa tufike kwenye lile ambalo familia haijaweza kulimeza.

Mwaka jana, mwezi wa Septemba, marehemu alipewa picha za mahali litakapowekwa jukwaa la kuchimbia, azikague kabla ya kustaafu. Kwenye mstari mmoja aliona doa linalong'aa, chini kidogo tu ya sakafu ya bahari, na chini ya doa hilo picha yote imefifia. Aliporudi nyumbani hakula. Alimweleza mke wake kwamba ile ni gesi iliyofungiwa ndani ya mchanga, na kwamba ukiitoboa bila kujiandaa inapanda yote kwa mkupuo, maji yanageuka povu, na waliomo juu ya jukwaa hawana pa kukimbilia. Juu ya jukwaa hilo yumo kijana wake, fundi wa mabomba ya kuchimbia. Baba yake mwenyewe ndiye aliyemwombea nafasi.

Alikwenda kwa mkuu wa idara, ambaye marehemu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Maneno waliyosemezana aliyarudia nyumbani mara nyingi kiasi kwamba hata wajukuu wanayajua.

"Mzee, hii si ile ile ya mwaka ule?" mkuu alimwuliza kwa upole. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

"Ule mwangwi unaiga sakafu. Sakafu ikipanda, nao unapanda. Hapa sakafu imelala na hili limevimba katikati."

"Limeonekana kwenye mstari mmoja tu."

"Kwa sababu meli ilipita juu yake mara moja tu. Ipite tena, ikatishe upande huu. Nikiwa nimekosea, niiteni Mara Mbili mpaka nife."

Mkuu akasema meli imeshaondoka kwenda kazi nyingine, na tarehe zimeshapangwa. Marehemu alirudi wiki iliyofuata, na nyingine, akaambiwa asubiri, kisha akaambiwa amestaafu. Aliendelea kwenda. Walinzi wa getini walimpenda, wakamwekea kiti, na ndani hakuingia tena. Dada yake aliwahi kumkuta pale, mtu mzima na shahada zake, amekaa karibu na kibanda cha mlinzi na picha zimekunjwa mapajani. Alimwomba waende nyumbani. Akamwambia, "Dada, nikiondoka hapa watasema nimekubali."

Wifi alimwambia jambo ambalo mama yeyote angelisema: "Basi mpigie mwanao ashuke." Akapiga, simu ikiwa kwenye spika, na kijana akajibu, "Baba, nikishuka sasa nitaitwa mwoga, na keshokutwa atapanda mwingine." Marehemu alikata simu. Kisha akasema, "Amenishinda. Nikimshusha wangu, watampandisha wa nani?" Wifi alimkasirikia kwa jibu hilo siku nyingi. Dada yake pia alimkasirikia, na bado hasira haijaisha.

Mwezi wa Januari macho yake yaligeuka manjano, na mwili ukaanza kupungua. Alipelekwa kupigwa picha ya tumbo, ile ya mashine inayotumia sauti. Mpiga picha, binti mdogo mwenye mikono ya baridi, alipoonyesha doa kwenye kongosho, marehemu aliinua kichwa akaitazama skrini, akaanza kumwuliza maswali kama mwanafunzi wake. "Mwanangu, sogeza hicho kidude, nitazame kutoka ubavuni. Kama ni mwangwi tu, litahama." Binti akasogeza. Doa halikuhama. Mkewe aliyekuwa pembeni alimwona akifumba macho. "Haya," akasema, "lipo kweli." Akaomba karatasi ajifute tumbo. Njiani kurudi hakuzungumzia saratani hata kidogo. Alisema, "Umeona? Amenitazama pande mbili, wala hajanung'unika. Kwa nini lile haliwezi kutazamwa?"

Aliugua kwa uchungu mkubwa, na familia haitasema kwamba alivumilia kimya kimya, kwa sababu hakunyamaza. Aliwapigia simu wakubwa mpaka wakaacha kupokea namba yake, akaanza kutumia simu za manesi. Mwezi wa Aprili mkuu wa idara alikuja wodini na mfuko wa matunda. Marehemu alimshika mkono wa shati asiuachie. "Kama mtaalamu hunisikilizi," alimwambia. "Nisikilize kama mgonjwa basi. Mgonjwa huhurumiwa." Mkuu akasema, "Pumzika, mzee wangu, tutaangalia." Dada yake alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda. Aliyasikia, na anayasema hapa akiwa na akili zake timamu.

Siku za mwisho alikuwa anapotea na kurudi. Kila aliporudi aliuliza neno moja: "Wamepita?" Mkewe alimjibu, "Bado." Akipotea tena, akirudi, "Wamepita?" Jumanne, tarehe 3 Mei 2022, asubuhi, wifi hakuweza tena kuitamka ile "Bado." Akamwambia, "Wamepita."

Marehemu akafumbua macho yote mawili. "Wameona nini?"

"Hakuna kitu. Ni safi."

Alimtazama. Waliishi pamoja zaidi ya miaka thelathini, na mwanamke huyu hajui kudanganya. Marehemu aligeuza uso akauelekeza ukutani, mabega yakatikisika, na alikuwa akilia. Alifariki mchana wa siku hiyo hiyo bila kusema neno lingine, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Wifi hajajisamehe. Familia nzima imemwambia kwamba hana kosa, naye anaitikia kwa adabu tu, kama mtu anayempokea mgeni asiyemtarajia.

Familia inawashukuru madaktari na manesi, majirani waliopika na kulala nasi, walinzi wa getini waliokuja na sare zao, na wafanyakazi wenzake. Inawashukuru pia wakubwa wa kampuni waliokaa safu ya pili, kwa jeneza, kwa mashada na kwa magari. Mmetutendea vizuri, na mlituambia kama kuna kitu tumepungukiwa tuseme. Kipo. Jumatano ijayo mnaanza kutoboa. Tunaomba msitoboe. Rudisheni meli, ipite mara moja tu juu ya mahali pale, ikatishe upande ule alioutaka. Ikirudi na kusema hakuna kitu, dada yake atakuja ofisini kwa miguu yake kuomba radhi kwa niaba ya marehemu, na mtachimba kwa raha zenu. Hatujui kusoma picha zile. Hatudai kwamba alikuwa malaika asiyekosea. Tumelisema kosa lake hapa mbele ya jeneza lake. Tunachojua ni kwamba alipokosea alisimama akasema, na hili hakulikana hadi roho inatoka. Tunawaomba kwa magoti. Kama adabu ya msibani imevunjwa, aliyeivunja ni mzee wa miaka sabini, mlaumuni yeye.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu wanne, kaka mmoja na dada mmoja. Ameacha pia kijana mmoja wa kiume, ambaye hayupo hapa kumwaga udongo kwa baba yake, kwa sababu zamu yake haijaisha na yuko kule juu ya jukwaa.

Apumzike kwa amani, mkimruhusu.